Nilikatwa Kifua, Uvimbe Ukabaki, Nikashika Chuma

Mwaka 1957, saa nne asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti kichakani karibu na Garsen, kifua wazi, chuma chekundu mkononi, nikijiandaa kujichoma titi langu mwenyewe.

Ndiyo, titi. Na mimi ni mwanamume. Hujakosea kusoma.

Anayedhani hii ni chai, achukue kikombe anywe. Nina miaka themanini na tisa, sina haja ya kumfurahisha mtu kwa uongo. Uongo wa maana niliusema mara moja tu maishani, mbele ya umati, na utausikia hapa hapa.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya kijana mmoja humu kwenye kundi letu. Juzi aliuliza swali. Amefanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti, hii ni wiki ya saba, kifua bado kimevimba, na anaona aibu kuvua shati hata mbele ya ndugu zake.

Mmoja akamshauri apake dawa ya kuunguza ngozi. Mwingine akamtangazia sindano za kuyeyusha, eti zinapatikana kwa simu.

Yeye akamjibu yule wa dawa ya kuunguza, "Kesho naanza."

Basi wewe unaanza kesho, mimi naanza leo. Soma kwanza.

Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe. Nilipofika miaka kumi na minne kifua changu kilianza kuvimba. Mama akasema ni balehe, itapita. Kwa wenzangu ilipita kweli. Kwangu ikakaa.

Kufikia miaka ishirini nilikuwa na matiti mawili kamili, la kushoto likilizidi la kulia. Na sikuwa mnene, mbavu zangu ungezihesabu ukiwa umesimama ng'ambo ya mto.

Nikajifunza kufunga shuka juu, chini ya makwapa, halafu nyingine begani. Joto la Garsen mnalijua. Watu wakaniona mtu wa homa homa, nami nikawaacha waamini hivyo.

Aliyewahi kuona ni mmoja tu, binamu yangu Bonaya, tukiwa wadogo. Tangu siku hiyo, kila kiangazi kikikaza, alikuwa na mzaha wake mmoja.

"Ng'ombe wakikauka msiogope," alikuwa akisema. "Tutamkamua Mahadi."

Watu walicheka bila kujua anachosema. Mimi nilikuwa nacheka nao, huku nikikaza shuka yangu.

Sasa, mimi nilimpenda Gumato. Na Gumato alikuwa binti wa Guracha. Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa na jina.

Guracha alikuwa mtu mzito. Kifua chake kilijulikana kuanzia Garsen mpaka Hola. Kilikuwa na makovu, na makovu yale yalikuwa na hadithi yake: akiwa kijana mdogo, chui alimvamia yeye na kaka yake Dida malishoni. Dida akauawa. Guracha akapigana na chui kwa mikono akapona.

Wanawake walikuwa na wimbo wake. "Chui alikula Dida, kwa Guracha akashiba makofi." Uliimbwa kwenye kila harusi.

Kitu kimoja nilikiona tangu utoto lakini sikukitilia maanani. Mama yake Guracha, Bibi Sabdio, wimbo huo ukianza tu, alikuwa anainuka na kuondoka. Mara amesahau maziwa motoni, mara anatafuta ndama. Tulisema ni uchungu wa mama, tukaendelea kupiga makofi.

Nyumba ya Guracha ilikuwa na desturi yake. Ukitaka binti yao, utavusha ng'ombe wao mtoni kabla ya masika, wewe ukiogelea mbele. Kifua wazi, shuka imefungwa kiunoni. Huwezi kuvaa shuka begani, pembe ikiinasa katikati ya mto umekwenda na maji.

Watu wa pande zote mbili wanasimama kwenye malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni katikati ya mashamba ya Wapokomo. Wanakutazama ukiingia, wanakutazama ukitoka. Ukifika ng'ambo, baba anatoa neno.

Kwa hiyo ili nimwoe Gumato, ilinibidi nivue shuka mbele ya watu mia. Nilikuwa tayari kukutana na mamba. Kuvua shuka ndiko kulikonishinda.

Mwishoni mwa mwaka 1956 nilikwenda pwani na ng'ombe wa mfanyabiashara Msomali aitwaye Diriye. Tulitembea siku nyingi. Mombasa nikaanguka na homa ya kweli safari hii, nikapelekwa hospitali.

Dresa wa zamu, yule msaidizi wa kufunga vidonda, alikuwa Mpokomo wa Kau, jina lake Jairus. Akanivua shuka anipime kifua. Nikamshika mkono.

"Niache," nikamwambia.

"We ndugu yangu, mimi nimeona watu bila ngozi, sembuse wewe bila shuka," akasema. Akafunua. Akatazama. Hakucheka.

"Hii hutolewa," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya homa. Akarudia. "Daktari anatoa. Anakata hapa chini ya chuchu, anatoa nyama, anashona. Kabla yako nimeona wawili."

Nikalia. Sioni haya kusema. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama nimefiwa.

Homa ilipokwisha wakanikata. Wiki nzima nilikuwa na mipira miwili ya kutolea maji ubavuni na bendeji iliyokaza mpaka kupumua ilikuwa kazi. Siku ya kutoka, daktari alizungumza kirefu na Jairus akanitafsiria pole pole, kidole hewani.

"Mahadi, sikia. Bendeji wiki sita. Ukiifungua, bado utaona uvimbe. Usishtuke. Utakaa miezi sita, kwa wengine hata mwaka. Ndani utagusa kitu kigumu, hicho ni kidonda cha ndani kinachopona. Usikibonyeze, usikichezee. Ukiona usaha au homa, rudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema ulichoelewa."

"Wiki sita," nikasema.

Jairus akatikisa kichwa. Nilikuwa nimesikia nilichotaka kusikia, basi.

Nikarudi Garsen kwa lori, katikati ya Januari. Nyumbani nikasema nilikuwa na kichomi. Mama alitaka kunifungua bendeji anisugue samli. Nikamwambia daktari amekataza, na kwa mara ya kwanza nikamsifu daktari mbele ya mama, akanuna siku mbili.

Gumato nilikutana naye kisimani.

"Umekonda," akasema.

"Nitanenepa."

"Baba amesema mtavusha mwisho wa Machi, kabla mto haujajaa. Utakuwa na nguvu?"

"Nitakuwa nazo."

Akaniangalia zile bendeji zilizochungulia shingoni. "Mahadi, kama kuna kitu, niambie mapema."

Nikamwambia hakuna kitu. Wallahi nilitamani kumwambia. Ulimi ulikataa.

Nikahesabu siku kama mfungwa. Wiki ya sita ilipotimia nikaenda peke yangu mbali na watu, nikaanza kuzungusha ile bendeji. Mzunguko wa mwisho ukaanguka, nikatazama chini.

Yalikuwepo.

Madogo kuliko zamani, sawa. Lakini kifua kilikuwa kimevimba, kimejaa, chuchu zimetokeza. Nikabonyeza, nikagusa kitu kigumu ndani, kama kokwa. Nikabonyeza tena upande wa kushoto, kikubwa zaidi.

Nikakaa chini. Sijawahi kuogopa vile, si kwa simba, si kwa mamba. Maneno ya Jairus yalikuwa yamenitoka kichwani yote. Jambo moja tu lilinijia, nalo lilitoka kwenye kazi yangu.

Maana sijawaambia kazi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mchoma pembe.

Kuna ndama ambaye pembe yake inajikunja kuelekea jichoni. Usipoiwahi itamtoboa. Unaikata, sawa, lakini kukata peke yake hakusaidii. Baada ya miezi miwili utaona kitu kigumu kinachomoza pale pale, na uvimbe kukizunguka. Pembe imeota tena. Dawa yake ni chuma. Unakata, halafu unachoma mzizi. Mzizi ukiungua, habari imekwisha.

Kitu kigumu. Uvimbe kukizunguka. Pale pale ulipokatwa.

Nikajisemea, daktari amekata lakini hakuchoma mzizi. Yule ni mtu wa mjini, ng'ombe anawajua wakiwa kwenye sahani tu, atajuaje mambo ya mizizi? Mahadi, hii kazi unaijua kuliko yeye.

Nyinyi mnaocheka, chekeni. Mtu mwenye hofu huamini kile ambacho mikono yake inajua kufanya.

Nikasubiri wiki tatu nione kama utapungua. Kila asubuhi nilibonyeza, kila asubuhi kokwa lilikuwepo. Nadhani kwa kubonyeza huko nilikuwa nauongeza uvimbe. Siku zikabaki mbili tu.

Kesho yake asubuhi, ng'ombe walipotoka kwenda malishoni, nikachukua chuma changu nikaenda kichakani nyuma ya malka.

Chuma chenyewe kilikuwa cha urefu wa mkono, mpini wa mti, kichwa cha duara ukubwa wa kifungo cha koti. Nikawasha moto wa mgunga. Nikavua shuka. Nikakata ukanda wa ngozi wa kuuma kwa meno, maana nilijua nitapiga kelele.

Chuma kikawa chekundu. Nikakijaribu kwenye kipande cha mti, kikazama na moshi ukatoka.

Nikajiambia nianze na la kushoto. Nikakileta karibu. Joto lilifika kabla ya chuma, nikasikia nywele za kifuani zinaungua, ile harufu ya nyumba ya fundi wa ngozi. Nikakishika chuma kwa mikono miwili. Nikafumba macho.

"Weka chini."

Sikugeuka. Sauti ile ningeijua hata usingizini.

"Mahadi. Weka chuma chini."

Guracha alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake. Baba mkwe wangu mtarajiwa, na mimi kifua wazi, ukanda mdomoni kama punda. Nilitamani ardhi inimeze na chuma changu.

"Nimefuata moshi," akasema. "Majani yamekauka hivi, mtu anawasha moto. Nikasema huyo ni mwendawazimu." Akanitazama juu mpaka chini. "Sijui kama nilikosea."

Nikatema ukanda. Nikatafuta shuka. Akaikanyaga.

"Nani amekukata?"

"Daktari, Abba. Mombasa." Abba kwetu ni baba.

"Amekata nini?"

Nikaivuta shuka chini ya mguu wake.

"Nimekuuliza, Mahadi."

"Matiti, Abba." Hapo machozi yalinitoka, sikuyazuia. "Nayo yameota tena. Hakuchoma mzizi."

Nilisubiri acheke. Nilisubiri aniambie nisisogee tena nyumbani kwake. Alichofanya ni kuninyang'anya chuma na kukididimiza kwenye mchanga mpaka kikaacha kulia. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, mtu mzima yule, akafungua shuka yake.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.

"Sogea zaidi. Wewe ndiye unayetuchomea pembe sote. Chuma chako kikigusa ng'ombe, unalijua kovu lake kwa mbali. Haya, tazama. Niambie hii ni kazi ya nani."

Nilikuwa nimeyaona makovu yale maisha yangu yote. Lakini sijawahi kuyaangalia. Nani angemkodolea macho Guracha kifuani?

Kucha za chui hupasua kwa mistari. Kifuani kwa Guracha hapakuwa na mstari hata mmoja. Palikuwa na viduara. Saba kushoto, vitano kulia, vimezunguka chuchu, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha koti.

Na chini ya makovu, upande mmoja nyama ilikuwa imebonyea. Upande wa pili ilikuwa imevimba, laini, baada ya miaka yote ile.

"Abba," nikasema, "hiki ni chuma."

"Ni chuma."

"Na chui?"

Akafunga shuka yake pole pole.

"Tulikuwa wawili," akasema. "Mimi miaka kumi na minne, Dida kumi na sita. Sote tulikuwa tumevimba kama wewe. Baba aliona haya mbele ya watu. Akasema ni mizizi tu. Akaanza na Dida kwa sababu ni mkubwa. Dida hakulia. Mimi nililia kwa ajili yetu wawili."

Nikawa siwezi kumtazama usoni.

"Siku ya tatu kifua cha Dida kikaanza kunuka. Siku ya sita tukamzika. Chui alikuja siku ya saba, Mahadi. Watu walipokuja kuhani, baba akawaambia chui."

"Na Bibi Sabdio?"

"Ndiye aliyenishika mikono." Akakigusa kile chuma kwa ncha ya fimbo. "Unajua linaloniuma? Kulikuwa na vijana wengine wa rika letu, wamevimba vile vile. Hawakuguswa na mtu. Baada ya mwaka mmoja, miwili, vifua vyao vilikuwa vimenyooka. Nilikuwa nawaangalia wakiogelea."

Nikamuuliza kwa nini basi anaweka desturi ya kuvua shuka mtoni.

"Ni ya baba. Ningeifuta ningeulizwa kwa nini."

Akasimama, akaokota chuma changu.

"Huyo daktari alikuambia nini?"

Hapo ndipo maneno ya Jairus yaliponirudia, moja moja. Miezi sita. Kwa wengine mwaka. Kitu kigumu ni kidonda kinachopona. Usikichezee. Nikayasema yote.

Guracha akakikung'uta chuma mchanga. "Mtu anakukata, anakushona, anakuambia subiri. Na wewe unawasha moto."

"Lakini kesho, Abba. Nitaingiaje mtoni hivi?"

"Utaingia hivyo hivyo."

"Wakiuliza?"

Akatazama upande wa mto. "Wakiuliza, sema chui. Mchukue wangu. Amenilisha heshima miaka thelathini na mitatu, anaweza kukulisha na wewe."

Nikambusu mkono. Nilimpokea chui yule kwa mikono miwili, na nililala usingizi mtamu.

Kesho yake malka ilijaa watu. Wapokomo walikuwa kwenye mitumbwi wakipiga maji kwa makasia kufukuza mamba. Ng'ombe wa Guracha walikuwa wamebanana nyuma yangu, vumbi tupu. Gumato alisimama na wanawake, kibuyu cha maziwa mkononi, akiuma mdomo.

Nikafungua shuka ya begani. Nikaifunga kiunoni.

Halafu nikasikia sauti niliyokuwa nikiisubiri tangu utotoni.

"Mahadi!" Bonaya alipaaza sauti. "Hiyo nini? Tuliwaambia kiangazi hiki tutamkamua!"

Kicheko kikalipuka. Nikaona mama yangu anajifunika uso. Nikamwona Gumato anaangalia chini. Makovu yangu mawili ya nusu mwezi yalikuwa bado mekundu, kifua kimejaa, jua la asubuhi limenimulika kama taa.

"Chui!" nikapiga kelele.

Kicheko kikakatika.

"Njiani kutoka pwani," nikasema, na uongo ukawa unakuja wenyewe kwa utamu wake. "Aliruka kifuani. Nilimshika koo. Ndiyo maana nilifungwa bendeji, ndiyo maana pamevimba."

Halafu mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akaanza wimbo, ule ule. "Chui alikula Dida, kwa Guracha akashiba makofi," na mwisho wakaongeza, "kwa Mahadi akakimbia." Makofi yakashika kasi. Bonaya mdomo wazi. Nilijisikia nimekuwa mtu mkubwa kuliko wote kando ya mto Tana.

Ndipo nikamwona Bibi Sabdio akiinuka.

Kama kawaida yake. Akaokota fimbo yake, akageuka, akaanza kuondoka mbele ya umati mzima uliokuwa ukiimba. Safari hii miguu ilikuwa imemchoka. Alikwenda hatua tatu akasimama, akashindwa kuendelea, akiwa ametugeuzia mgongo.

Nilijua sasa kwa nini anaondoka. Makofi yalinikaa masikioni kama matusi. Nikamtazama Guracha. Naye alikuwa akimtazama mama yake.

Guracha akainua fimbo.

"Nyamazeni."

Wakanyamaza.

"Huyu hakukutana na chui," akasema. "Alikuwa na matiti kama ya mwanamke, akaenda kwa daktari, yakakatwa. Uvimbe mnaouona ni kidonda kinachopona. Uongo huo nilimpa mimi jana."

Nikasema moyoni, kwisha habari yangu, Gumato nimemkosa.

Guracha akatupa shuka yake chini.

"Na mimi sikukutana na chui. Nilichomwa na baba yangu, kwa chuma cha pembe, kwa sababu ya kitu hicho hicho. Dida alichomwa kabla yangu. Dida hakuliwa na mnyama yeyote. Aliuawa na aibu yetu, na miaka yote hii tumekuwa tukimpigia makofi."

Bibi Sabdio akakaa mchangani. Akasema neno moja tu, "Dida," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Halafu akalia kilio ambacho nadhani kilikuwa kimemkaa kooni miaka thelathini na mitatu.

Wanawake wakamzunguka. Bonaya alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyejua afanye nini.

Guracha alijua. Akafunga shuka kiunoni, akaingia mtoni mpaka magotini, akageuka.

"Mahadi, ng'ombe wana kiu ya ng'ambo. Unangoja nini?"

Tukaingia wawili. Baba mkwe na mkwe, vifua viwili vibovu mbele ya kundi. Maji yalikuwa baridi na mazito. Katikati mkondo ulinivuta, mkono wa kushoto haukuwa na nguvu kwa sababu ya kile kidonda, nikazama mara moja, nikameza tope. Mkono ukanishika nywele ukanivuta juu.

"Piga miguu!" Guracha akafoka. "Sikukuokoa na moto ili uniachie binti mjane kabla ya harusi!"

Tukatoka ng'ambo tunatapika maji, ng'ombe wakipita kando yetu wakijikung'uta. Ndipo nilipomuuliza, nikiwa bado nimepiga magoti.

"Abba, nimewadanganya watu. Neno lako ni nini?"

"Neno langu ni kwamba mwongo mkubwa zaidi nimekuwa mimi," akasema. "Muulize mwenyewe."

Gumato alikuwa amevuka kwa mtumbwi wa Mpokomo mmoja. Akaja akasimama mbele yangu, akanitazama kifuani bila haya, kwanza kushoto kisha kulia. Akanipa kibuyu cha maziwa.

"Nilikuambia kama kuna kitu uniambie mapema," akasema.

"Nisamehe."

"Kunywa. Nyumba yetu imefuga chui mmoja, inatosha. Mwingine sitaki kwangu."

Tulioana baada ya masika. Kifua kilibaki kimevimba mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Sikukibonyeza tena, na nilipopata nafasi ya kurudi Mombasa nilimpelekea daktari akakitazama, akasema kinakwenda vizuri. Mwezi wa tisa niliamka asubuhi nikajikuna, nikagundua kokwa la kulia halipo. La kushoto lilichelewa mpaka mwaka ukaisha. Pamebaki pa laini kidogo mpaka leo, na mke wangu alikuwa akiegemeza kichwa hapo hapo.

Mwanangu wa kwanza nilimwita Dida. Bibi Sabdio ndiye aliyembeba siku ya jina, hakuinuka kuondoka.

Ule wimbo ulikufa siku ile kwenye malka. Hakuna aliyeukataza.

Guracha alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Nilimwagia maji kifua kile kwa mkono wangu, viduara kumi na viwili, na sikuwa na siri yoyote ya kumfichia. Tulikuwa tumeshaijua sote, kwa hiyo haikuwa aibu tena. Tukamzika karibu na Dida.

Mficha uchi hazai, mnasema kila siku. Mimi nilificha karibu nife. Dida alifichwa akafa kweli, kisha akafichwa tena ndani ya wimbo.

Sasa wewe kijana wa wiki ya saba. Uvimbe wako ninaujua kwa vidole vyangu. Rudi kwa aliyekukata, muonyeshe, umuulize mpaka uelewe, kisha usubiri kama alivyokuambia.

Na hiyo dawa ya kuunguza uliyoishika mkononi sasa hivi, mwanangu, iweke chini.